Dumu la Uvunguni

Dumu la uvunguni halina magurudumu.

Mnacheka. Mmemsikia Mzee Ladislaus akimwambia Januari maneno hayo pale dukani, Januari akiwa amebeba mfuko mwingine wa sukari kwa sababu kasikia sukari itaadimika, mkadhani ni utani wa wazee. Si utani. Wala msifikiri tumeachiwa na wahenga. Msemo huu una mwenyewe, naye bado yu hai, na nyumba yake mnaipita kila siku mkienda bombani. Siku aliyousema nilikuwapo. Kaeni hapo juu ya matairi. Pancha hii ina kazi, nitawaambia ulikotoka huku nikiziba.

Petroli iliisha Ilindiwe, na mtu akafa kwa kukosa petroli, wakati petroli ilikuwamo ndani ya karibu kila nyumba. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni namna lilivyotokea.

Zamani, kabla ya barabara, mgonjwa wa Ilindiwe alibebwa kwa machela. Kengele ya kanisa ikigongwa harakaharaka mchana, kila mwanamume aliyeisikia aliacha jembe na kukimbia. Wanne walibeba, wengine walifuata nyuma wakingoja zamu. Njia ilishuka moja kwa moja bondeni, ikavuka Mto Lihuka kwa daraja la magogo, ikapanda na kutokea hospitali ya misheni. Barabara ilipokuja ilizunguka milima yote kama mtu anayemkwepa mdai wake. Lakini gari halichoki, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Tukaiacha njia. Miiba ikaota. Magogo yakaoza. Machela ikatupwa stoo ya kanisa, juu yake yakapangwa mabenchi mabovu.

Aliyetuzoeza gari kuliko wote alikuwa Otmari, Baba Ditruda. Alikuwa na Noah ya kijivu. Sitaki mumwone mtu mbaya. Noah ile ilibeba maharusi wetu, mahindi yetu na majeneza yetu, na Otmari hakuwahi kumwacha mgonjwa barabarani. Ila alisahau kwamba ana miguu. Akitumwa kiberiti alikwenda na Noah, na duka lilikuwa mahali ambapo ukiita kutoka nyumbani kwake mwenye duka anaitika. Mkewe, Skolastika, alikuwa akimcheka mbele za watu: "Siku moja huyu ataingia na Noah chooni."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Ditruda. Walimpata wamekwisha kukata tamaa. Aliolewa, na mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Mumewe alikuwa mbali, kwenye kazi ya mbao. Nesi wa zahanati yetu alimpima, akawaita wazazi. Akasema mtoto amelala kingamo. Huyu asingoje uchungu hapa. Apelekwe misheni mapema, akakae nyumba ya wajawazito mpaka siku yake ifike.

"Ijumaa nitampeleka mwenyewe," Otmari alisema.

Ijumaa hiyo iwekeni kichwani.

Sasa ikaja Jumapili, nayo ilikuwa ya Kwaresima. Baada ya komunyo katekista husimama kusoma matangazo, na matangazo ya Katekista Wendelini hayakuwahi kuwa mafupi. Wenye magari walikuwa na desturi yao. Wendelini akifungua mdomo, wao wanatoka. Wanawasha, wanageuza, ili baraka ikitolewa magari yawe yameshaelekea barabarani. Baraka waliipokea wakiwa wameshika usukani. Spika ya kanisa ilielekea uwanjani, kwa hiyo waliamini hawakosi kitu.

Siku hiyo mimi nilikuwa ndani na nilimsikia Wendelini neno kwa neno. Alisema: "Kuhusu Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Mafuta yamebaki kidogo sana. Mapya hayaji mpaka Juma Kuu. Wenye wagonjwa wawahi."

Mafuta hayo mnayajua. Askofu huyabariki mara moja kwa mwaka, na kila parokia hupewa kichupa chake. Kichupa chetu kilikuwa kinakaribia mwisho. Ndiyo habari yote.

Lakini Otmari alikuwa nje, ndiyo kwanza anawasha Noah, na injini ikameza sentensi ya kwanza. Alichosikia ni: Mafuta yamebaki kidogo sana. Mapya hayaji mpaka Juma Kuu. Wenye wagonjwa wawahi.

Akatoa kichwa dirishani, akamwambia mwenye gari la pembeni, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Juma Kuu lini?"

"Bado sana."

Hawakungoja baraka. Sisi tulipotoka kanisani tulikuta uwanja mtupu, vumbi tu. Kila mtu akatoa simu. Mpaka tunafika njia panda, kila mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kugeuza kuelekea sheli.

Sheli yetu ilikuwa na pampu moja, na aliyeuza ni dada mmoja aitwaye Bertila. Otmari alimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

"Nijazie tangi, na haya madumu yote," Otmari akamwambia.

"Yote? Unakwenda Kongo?"

"Nina mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Ditruda."

"Ditruda huyu niliyemsikia asubuhi kwenye spika, anaimba mpaka mbwa wanaitikia?"

"Ni mjamzito. Wenye wagonjwa wawahi, hukusikia tangazo?"

Bertila alisikia wimbo, tangazo hakulisikia, maana alikuwa na mteja. Akajaza. Aliyefuata naye akasema ana mgonjwa. Na wa tatu. Jua lilipofika utosini Ilindiwe nzima ilikuwa inaumwa. Mwenye mke alimtaja mke. Asiye na mke alimtaja bibi yake. Kuna mmoja alimtaja bibi ambaye sote tulimzika, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatunga wa kwake.

Vyombo vikaisha. Watu wakaja na chupa za maji, ndoo za rangi, hata birika. Mzee mmoja alimwaga pombe yake yote ya ulanzi kando ya barabara ili apate dumu. Alilia huku anamwaga, na gari hakuwa nalo. Pikipiki hakuwa nayo. Nilimwuliza petroli ya nini. Akanijibu, "Wenzangu wananunua."

Ndipo akaja Wendelini, anakimbia, kanzu kaishika mkononi.

"Jamani! Mmesikia vibaya! Ni mafuta ya wagonjwa!"

"Ndiyo, ya wagonjwa!" watu wakamjibu. "Ndiyo haya tunayonunua!"

"Ya mpako! Yale ya kichupa! Ya padri!"

Walio mbele wakaelewa. Mmoja akaanza kucheka, kicheko kikaenda mpaka nyuma ya foleni, kisha kikafa. Nilidhani sasa watu watakwenda nyumbani. Hakuna aliyetoka. Kila mmoja alimtazama wa mbele yake na wa nyuma yake.

Otmari akasema, "Katekista, wewe ulisema lako. Lakini tazama foleni hii. Jioni pampu itakuwa tupu. Ikiwa tupu, basi hukusema uongo."

"Lori linakuja Alhamisi kama kawaida," Bertila akasema. "Mafuta yapo. Kwa nini mnanitesa?"

"Alhamisi ni kesho?"

"Si kesho."

"Basi jaza."

Uongo ukishapangiwa foleni haurudi nyumbani. Jioni pampu ilikohoa, ikatoa hewa.

Na msifikiri uliishia hapa. Simu zilishuka mpaka Kidewa, mji wa wilaya. Kule nako watu wakasikia kwamba Ilindiwe mafuta yameisha na mapya hayaji mpaka Juma Kuu. Wakawahi na wao. Lori la Alhamisi lilikaushwa Kidewa, halikutufikia.

Otmari aliyaingiza madumu yake chumbani, akayasukuma uvunguni mwa kitanda moja moja, akashusha shuka ili yasionekane.

"Kwa hiyo mimi nitalala juu ya sheli?" Skolastika akauliza.

"Ni akiba."

"Akiba ya kutuunguza?"

Akafunga chumba kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa koti. Skolastika akahamishia jiko nje, akawa anapika chini ya mwavuli, maana mvua za masika zilikuwa zimeanza. Ditruda alimshikia mwavuli huku akimcheka. Karakana yangu ilikuwa ubavuni mwa ukuta wao, niliwasikia mama na binti wakitaniana. Ditruda alisema, "Mtoto wangu akizaliwa ananuka petroli, tutamwita Noah." Walicheka sana.

Siku iliyofuata alikuja Ladislaus. Huyohuyo Mzee Ladislaus wenu, enzi hizo bado kijana, tukimwita Ladi. Alikuwa na gari dogo la bluu, bovubovu. Jumapili ile hakuwapo, alikuwa misheni kumwona shangazi yake. Akirudi petroli ilimwishia njiani. Gari likamzimikia bondeni, pale barabara ya magari inapovuka Lihuka, akapanda mlima kwa miguu, akakuta sheli imekauka.

"Baba Ditruda, nisaidie chupa moja tu ya maji. Nilitoe gari mtoni, mvua isije ikanibebea."

"Sina, mdogo wangu."

"Hata nusu?"

"Hata tone la kuwashia kiberiti sina."

Ladi akavuta hewa puani. "Nyumba yako inanuka petroli, kaka."

"Ni Noah hiyo."

Noah ilikuwa imeegeshwa upande wa pili wa uwanja. Ladi aliitazama, akatazama dirisha la chumba, akaaga vizuri, akaondoka. Gari lake likabaki mtoni.

Wiki hiyo Otmari alizunguka kuliko wakati wowote. Alisikia kuna mtu anauza kijiji cha jirani, akaenda. Alisikia lori limeonekana juu kwenye kona, akaenda. Alichoma petroli akitafuta petroli. Alhamisi jioni mshale wa tangi ulikuwa umelala chini.

Maneno waliyosemezana jioni hiyo Skolastika ametusimulia mwenyewe.

"Kesho Ijumaa," alimwambia mumewe. "Mpeleke mtoto."

"Tangi limeisha, mama."

"Si una mengine hapo chini?"

"Hiyo ni akiba. Akiba haiguswi siku ya kwanza. Wamesema Kidewa limeingia lori jingine. Naondoka alfajiri, najaza, mchana nimerudi. Nampeleka na tangi kamili, kwa raha zake."

"Nesi alisema asingoje."

"Ni mchana tu, Skolastika. Mchana hauko mbali."

Ditruda alikuwa anasikiliza. Akasema, "Mwache baba aende. Niko mzima."

Kidewa iko upande mmoja, misheni upande mwingine. Alfajiri Noah, kwa matone yaliyobaki, ikaenda kule isikotakiwa. Wenye magari wengine wote walikuwa wamemtangulia. Ijumaa hiyo Ilindiwe haikuwa na gari hata moja.

Kabla ya adhuhuri nilisikia Ditruda akipiga ukelele mmoja. Nikaacha tairi, nikaingia. Nesi aliitwa, akaja mbio, akampima, akainuka uso umebadilika. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia.

"Huyu anatakiwa kupasuliwa," akasema. "Hawezi kukaa. Alazwe, na aende sasa hivi."

Naona Osmunda umenyoosha kidole. Sema.

"Bodaboda je, baba?"

Bodaboda zilikuwapo, na petroli kwenye chupa walikuwa nayo, walificha tu. Lakini nesi kasema hawezi kukaa. Mtu wa hivyo humweki juu ya pikipiki. Tulipiga simu misheni. Gari lao nalo lilikuwa Kidewa, kwenye foleni ileile. La wilaya lilikuwa mbali na mgonjwa mwingine. Basi Skolastika akampigia mumewe. Ditruda alikuwa amemng'ang'ania mkono, kwa hiyo simu aliiweka juu ya stuli na sauti nje, na sote tukasikia.

"Baba Ditruda, uko wapi?"

"Foleni. Pampu naiona kwa macho."

"Geuza gari. Uchungu umeanza, mtoto ametanguliza mkono."

Tukasikia mlango wa gari, na watu wakisukumana.

"Mama, limezima. Tangu asubuhi tunalisukuma."

"Waambie wakupishe!"

Tukamsikia anapiga kelele. "Jamani nipisheni! Nina mgonjwa! Nina mgonjwa, jamani!"

Na tukasikia foleni nzima ikicheka. Sauti ya mtu ikasema, "Hapa sote tuna wagonjwa, mzee. Kaa kwenye mstari."

Otmari akarudi kwenye simu. "Skolastika. Vunja mlango. Chukua ya uvunguni."

"Nichukue nimmiminie nani?"

"Chukua tu, mama! Yapo mengi!"

Hapo ndipo aliposema. Hakupaza sauti. Alikuwa anamfuta binti yake jasho.

"Mafuta ninayo mimi, gari unalo wewe. Dumu la uvunguni halina magurudumu, Baba Ditruda."

Akakata simu.

Tuliosikia tulikuwa wengi chumbani. Kila mmoja alitazama chini, maana kila mmoja alikuwa na la kwake uvunguni.

Nikakumbuka gari la Ladi kule mtoni. Mlima wetu ulikuwa tope, lisingepanda, kwa hiyo mgonjwa ndiye wa kushushwa. Nikamtuma mtu akamwite. Shoka lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikavunja kufuli la chumba. Madumu yalikuwa yamepangwa kama watu waliolala. Nikavuta moja, Skolastika akaniambia nimtwishe.

"Acha nibebe mimi," nikamwambia.

"Wewe kabebe machela."

Wendelini alikwisha kukimbilia kanisani. Kengele ikagonga ile ya harakaharaka. Nilisimama nje nikitazama nani atatoka. Wakatoka wazee, wamekuja na fimbo zao. Vijana wa kijiweni walibaki wamekaa, wakidhani mtoto anachezea kamba. Hawakuijua kengele ile, hakuna aliyewafundisha. Ikabidi niwaite kwa matusi, ndipo wakaja.

Machela tuliitoa chini ya mabenchi, kamba moja imeliwa na panya. Tukafunga kwa khanga. Tulijaribu njia ya zamani, ile ya kushuka moja kwa moja. Tulitembea kidogo tu, miiba ikatuzuia, haikuwapo hata nafasi ya kuweka mguu. Tukarudi nyuma. Muda wote huo Ditruda alikuwa juu ya mabega yetu, na hakuwa akipiga kelele tena. Tukafuata barabara ya magari, tukazunguka kila kona barabara inapozunguka. Vijana hawakujua kupokezana. Machela haisimami, unaingiza bega huku inatembea, wao kila zamu walitaka kuitua chini. Na mbele yetu, peku, kwenye tope, Skolastika na dumu kichwani. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ladi tulimkuta ameshafungua boneti. Hakuuliza petroli imetoka wapi. Hakusema lile alilokuwa na haki ya kulisema. Alisema tu, "Nani ana chupa ya kukata, tupate faneli?"

Tulipokuwa tunamimina, padri akafika na pikipiki yake, akapiga magoti kwenye tope karibu na machela. Alikuwa na kile kichupa. Hivyo upande huu Ladi alimimina mafuta kwenye tangi, na upande ule padri alimpaka Ditruda mafuta kwenye paji la uso na viganja. Mafuta ya padri, yale yaliyotangazwa kwamba yamebaki kidogo sana, yalitosha. Yakawahi pia.

Gari lilikuwa limekaa na mvua, halikutaka kuwaka. Tulilisukuma mara ya kwanza, likakataa. Tulipolisukuma tena likashika. Ditruda alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake, nesi akajibana chini. Kabla mlango haujafungwa Ditruda aliniona nimesimama pale.

"Baba amefika?" akaniuliza.

"Yuko njiani," nikamjibu.

Ilikuwa si kweli. Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Walifika misheni. Waliingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari alitoka baadaye akamwambia Ladi, kwa sababu Skolastika hakuweza kusikiliza: mngewahi mchana huu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Otmari pampu hakuifikia. Ilikauka akiwa anaitazama. Aliiacha Noah kwenye foleni, akaomba lifti ya pikipiki, akafika nyumbani jioni amejaa matope. Alipoona mlango wa chumba umevunjwa aliingia, akakaa kitandani juu ya madumu yaliyobaki. Hatukumwambia. Alijua.

Asubuhi alitoa dumu moja, akaenda nalo Kidewa, akalimimina kwenye Noah. Akaipitisha misheni. Ile ndiyo safari ya kwanza ya akiba yake. Iliileta Noah nyumbani na jeneza ndani.

Siku ya mazishi, tukiwa tunateremka makaburini, lori la mafuta lilipita barabarani likielekea sheli. Limejaa. Bertila alisimama kwenye pampu mchana kutwa akingoja wateja. Hakuja mtu. Wote walikuwa nayo.

Noah aliiuza baadaye, mnamwona sasa anatembea kwa miguu. Yule mzee mnayemkuta kila Kwaresima anafyeka ile njia ya kushuka mtoni, mkamwuliza anafyekea nani wakati magari yapo, ndiye Otmari. Msimwulize tena. Mkimkuta na panga, ingieni mfyeke naye. Skolastika hadi leo anapikia nje, mvua iwe inanyesha au isinyeshe, na kwaya ya kanisa hajaisikiliza tena. Hutoka inapoanza kuimba.

Msemo ulibaki. Mwanzoni tulikuwa tunausema kwa kunong'ona, tukioneana aibu. Sasa Ladi anausema dukani, na ninyi mnacheka, kwa sababu mnasikia dumu na magurudumu vinavyofuatana mkaona ni maneno matamu. Haya, sasa mnajua. Dumu la uvunguni halina magurudumu.

Januari akija na mifuko yake mwambieni akiba ile ilichukua nini. Ilimchukua Ditruda. Ilimchukua mtoto wake wa kiume, aliyezikwa mikononi mwake kabla hajapewa jina. Dumu moja lilifika kwenye gari la Ladi, likachelewa. Dumu moja lilileta jeneza. Mengine yalibaki uvunguni, yamejaa.